Maji Mekundu ya Gari la Mzee

Mimi si fundi wa geji. Nasema mapema ili mtu asije akaniuliza baadaye. Mimi ni fundi wa saa, au nilikuwa, mpaka simu zilipoanza kuonyesha saa bure na watu wakaacha kuangalia mikono yao. Kibanda changu kiko kwenye kichochoro kinachotoka Kirinyaga Road, katikati ya watu wa rejeta na watu wa vioo. Kwa kuwa nina koleo ndogo na lenzi ya kubana kwa jicho, mafundi wa magari walianza kuniletea vitu vyao vidogo: spidomita iliyokwama, saa ya dashibodi, sindano iliyolala na haitaki kuamka. Shule niliiachia Form Two. Nikishindwa kueleza jambo hapa, jambo lenyewe si gumu, ni mimi.

Mzee alinijia asubuhi moja na kitu amekifunga kwa kitambaa cha kupangusia vyombo. Alikuwa amevaa koti la suti na viatu vilivyong'aa, na alipita kwenye matope yetu kama mtu anayeyajua matope kutoka zamani.

"Fundi wa saa ni wewe?"

"Niliyebaki ni mimi, Mzee."

Alifungua kitambaa juu ya meza yangu. Ndani kulikuwa na kipande cha shaba kirefu kama kiganja, na katikati yake mrija wa kioo mwembamba. Ndani ya mrija kulikuwa na maji kidogo, rangi ya chai ya majani yaliyochemshwa mara ya tatu.

"Hii ni geji ya mafuta," akasema. "Hiyo maji ilikuwa nyekundu. Nyekundu kabisa, unaiona hata jua likikupiga machoni. Sasa imepauka mpaka sijui kama iko ama haiko."

Jirani yangu wa ng'ambo ya kichochoro, mama anayeshona viti vya magari, alisimamisha cherehani yake ili asikie vizuri. Yeye huniita daktari, na si kwa heshima.

"Daktari, umeletewa mgonjwa hana damu," akasema.

Niliikubali kazi hiyo kabla ya kujua kama naiweza. Ni tabia yangu mbaya. Kukataa naona aibu, halafu nikishakubali naona hofu.

Geji yenyewe nilikuja kuielewa jioni ile. Haina waya, haina sindano. Ndani ya tanki kuna kikombe kilichofunikwa kifudifudi, na kutoka pale mrija mwembamba wa shaba unapita chini ya gari mpaka kwenye dashibodi. Mrija huo haupitishi petroli hata tone, unapitisha pumzi tu. Petroli ikijaa tankini inabana pumzi, pumzi inasukuma yale maji, maji yanapanda kwenye kioo, na dereva anasoma. Kama ulipuliza mrija wa soda ukiwa mtoto unaijua hii kazi. Watu waliotengeneza gari lile, ambalo limemzidi Mzee mwenyewe umri, waliwaza hivyo na ikawatosha.

Lakini sikuambiwa habari ya geji tu. Mzee alikaa kwenye stuli yangu na kunieleza kwa nini ana haraka.

"Mama hapandi gari langu, fundi. Mwaka wa sita huu."

Kumbe tangu maji yale yaanze kupauka, mafuta yalikuwa yakipimwa kwa kijiti. Mpimaji alikuwa mke wake. Kila Jumapili kabla ya kanisa, yeye na nguo zake nzuri, anainama nyuma ya gari, anatumbukiza kijiti kwenye tanki, anasoma alama. Mkoba wake ulinuka petroli. Biblia ilinuka petroli. Jumapili moja alivaa yunifomu nyeupe ya akina mama wa kanisa akasema leo sipimi. Wakaishiwa mafuta njiani, na Mzee, badala ya kunyamaza, akasema, "Si ungepima tu." Mama akashuka akamwambia, "Siku hii gari yako itajisemea yenyewe, uniite." Tangu hapo huenda kanisani na gari la mtoto wao, na Mzee huenda na lake, wakifuatana kama watu wa msiba.

"Sasa Jumapili ya mwisho wa mwezi tunafanya shukrani," Mzee akasema. "Miaka hamsini ya ndoa. Sitaki tufike na magari mawili."

Mama wa viti aliacha kucheka. Mimi nilitamani sana angekuja mtu mwingine na sindano iliyokwama.

Nilitafuta video kwenye simu. Niliipata, ya mzungu mmoja mwenye ndevu akiifungua geji kama hii, akisafisha kioo kwa kamba ya pamba, akipuliza mrija. Alikuwa mwangalifu na nilimpenda. Kiingereza chake kilikimbia, na upande wetu kulikuwa na mtu anagonga bodi ya gari, kwa hiyo nilitumia macho zaidi ya masikio. Akainua kichupa cha maji mekundu, akaanza kukieleza kwa kirefu, na hapo bando langu likaisha.

Kwa haki, ningeweza kununua lingine. Sikununua. Nilijiambia nimeshaona cha muhimu: maji, mekundu.

Ukimuuliza mtu yeyote wa kichochoro chetu akupe kitu cha maji na chekundu, hatafikiri mara mbili. Atakupa mafuta ya gia ya otomatiki. Ni mekundu kama juisi, hayakauki upesi, hayali shaba, na kuna mtu anayauza kila hatua kumi. Nilisafisha kioo mpaka sikukiona, nikabadilisha washa ya koki ya kuzuia pumzi isivuje, iliyokuwa imegeuka unga, nikajaza. Nilipoiinua juani hata mama wa viti alivuka kuja kuangalia.

"Huyu sasa ako na damu," akasema. "Angalia vile anang'aa."

Yale maji ya zamani sikuyamwaga. Huku kwetu fundi akikubadilishia kitu bila kukurudishia kile cha zamani, umeibiwa, hata kama hujaibiwa. Hivyo nilichukua kichupa cha dawa ya kikohozi, nikakiosha, nikayatia humo, nikaweka kwenye karatasi ya nailoni pamoja na koki iliyooza. Nakumbuka nilipokifunga kifuniko niliona kichupa ni kizito. Nikafikiri ni kutu ya miaka mingi. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, ingawa halinipendezi.

Kuifunga geji nilikwenda mwenyewe nyumbani kwao Kitisuru. Ni mahali ambapo ua unafika juu ya kichwa na mbwa wanabweka kwa zamu. Gari lilikuwa kwenye kivuli cha gereji, jeusi, limenyooka, na mataa yake yamejitokeza kama macho ya mtu aliyeshtuliwa. Nilipuliza mrija mrefu kwa pampu ya baiskeli mpaka ukakauka, nikafunga geji, na Mzee akasimama nyuma yangu akipumua. Maji yakapanda. Yakapita nusu, yakapita robo tatu, yakakaribia juu kabisa.

"Unaona?" Mzee akasema. "Nilijua iko mafuta."

"Tupime na kijiti kidogo, Mzee? Tulinganishe."

"Hapana. Kijiti kimekwisha. Mama akituona na kijiti atasema hatuiamini."

Sikubishana. Yeye ni mzee, gari ni lake, na kioo kilikuwa kizuri mno.

Mama alitoka akatuletea chai na nduma. Ni mwanamke mfupi, mtu wa Magharibi ya Kenya, anayeongea polepole kama anayehesabu. Aliinama akachungulia dashibodi bila kugusa mlango. Nikampa nailoni yenye vitu vya zamani.

"Hii ni yenu, Mama."

Akatoa kichupa, akakipima mkononi. "Kichupa kidogo hivi, mbona kizito?"

"Uchafu, Mama."

"Aah." Akakirudisha kwenye nailoni. Kisha akamwambia mumewe, bila kumwangalia, "Basi Jumapili nitapanda. Nimesema na nimesema."

Mzee aliniomba niwepo siku hiyo. Nadhani alitaka shahidi, au mtu wa kubebeshwa lawama, na sikumlaumu kwa lolote kati ya hayo. Wiki nzima alikuwa amezunguka na gari akiwaonyesha marafiki zake kioo. Nilipofika asubuhi ya Jumapili nikiwa na tai niliyoazima, kioo kilisema nusu. Nilifikiri, kumbe anaendesha sana.

Mama alitoka amevaa suti nyeupe na kofia. Alikaa mbele, akaweka mkoba kwenye mapaja, akavuta hewa kama mtu anayetafuta harufu. Hakuipata. Nilimwona Mzee kwa kioo cha nyuma. Sijui nisemeje, uso wake ulikuwa wa kijana anayechumbia.

Kanisa lao liko Kangemi, kwa sababu ndiko walikoanza maisha, chumba kimoja, Mzee akiwa karani. Walihama nyumba, hawakuhama kanisa. Si mbali. Lakini watu walitusimamisha getini wapige picha, injini ikinguruma, na tena chini kwenye kona. Mimi nilikuwa nyuma nikiangalia kioo katikati ya mabega yao, na nilianza kuona maji yanashuka. Hayakushuka kama mafuta yanavyoshuka. Yalishuka kama soda kwa mtoto mwenye kiu.

"Mzee, hiyo kitu inashuka haraka."

"Ni barabara inatikisa."

Tulipokuwa tunapanda mlima wa Loresho gari likakohoa mara mbili, likavuta pumzi, likanyamaza.

"Inasema nini hiyo kioo yako?" Mama akauliza.

"Inasema theluthi," Mzee akajibu.

"Theluthi ya nini?"

Mzee alibonyeza starta tena na tena, na kila mara ilikuwa aibu mpya. Mama alifungua mlango, akashuka, akainua mkono. Boda boda ilisimama kabla mkono haujafika juu. Akakaa kwa upande, mkoba mapajani, kofia ameishika kwa mkono mmoja.

"Mtanikuta kanisani," akasema. "Kama mtafika."

Nilikimbia na jerikeni mpaka petroli stesheni, nikarudi, tukamwaga, tukafika sadaka ikiwa imeshatolewa. Tuliambiwa mlangoni yaliyotokea. Mama alikuwa amesimama mbele peke yake kutoa shukrani, mchungaji akamwuliza bwana yuko wapi, naye akasema, "Anakuja na gari lake. Yaanze maombi ya wasafiri." Kanisa zima likacheka. Mzee alitembea mpaka mbele, akasimama kando yake, na walishukuru hivyo, kila mmoja akiangalia upande wake.

Nimejaribu kuligawa kosa hili kwa haki. Mzee alikataa kijiti. Mzungu wa video alikawia kufika kwenye kichupa. Mtengenezaji wa tanki aliacha inchi ya mwisho ambayo bomba la injini haliifikii, na kwenye mlima hata zaidi ya hiyo. Lakini nikishagawa yote hayo, fungu kubwa linabaki mezani na hakuna mwenye kulichukua ila mimi.

Jumatatu nilienda Kitisuru kuomba msamaha na kuing'oa geji. Mzee alikuwa ndani amelala, au amesema niambiwe amelala. Aliyenifungulia ni Mama, akiwa na ile nailoni mkononi.

"Fundi, mimi sikusoma mambo ya magari," akasema. "Lakini nimezaa na nimeuza mahindi. Najua kitu kizito. Hii si uchafu."

Alikuwa na glasi ya maji ya kunywa mezani, ya zamani yenye ufa, ya kutupwa. Nilifungua kichupa, nikadondosha tone moja. Harufu yake ilikuwa tamu, ya kufanya kichwa kiwe chepesi, nikarudi nyuma. Lile tone halikusambaa wala kuelea. Lilizama moja kwa moja, likalala chini ya glasi kama ushanga. Nikachomoa kutoka mfukoni kichupa changu cha mafuta ya gia, nikadondosha. Likaelea juu, jekundu, linang'aa, halina haya.

Mama aliangalia juu, akaangalia chini.

"Hii inabebwa kama mtoto," akasema, akionyesha lile jekundu. "Na hii ni gunia. Sasa mtu akiwa na nguvu moja, atainua gani mbali?"

Kwa haki, si mimi niliyegundua. Ni yeye. Pumzi ya tanki ni ileile. Ikipewa maji mazito inayainua kidogo, na alama za geji zimechorwa kwa kipimo hicho. Ikipewa mepesi inayarusha mara tatu zaidi. Robo tanki ikawa karibu kujaa. Yale maji ya zamani yalikuwa yamepoteza rangi tu. Kazi yalikuwa yanaiweza bado, na mimi nikayafukuza kwa sababu ya sura.

"Usitupe hiyo kichupa," nikamwambia.

"Ningetaka kuitupa ningeitupa Jumapili," akasema. "Na wewe nyuma yake."

Iliyobaki ilikuwa rangi. Kibandani nilijaribu wino wa kalamu, ukaelea juu. Nilijaribu maji ya biti, yakaelea juu pia, na kibanda kikanuka saladi. Mama wa viti alinitazama siku mbili nzima akitengeneza kiti cha pikapu.

"Daktari, hiyo kitu ako na mafuta ndani ama maji?"

"Ako zaidi na mafuta, nafikiri."

"Sasa mbona unampea rangi ya maji? Mimi natengenezanga mishumaa ya kanisa huko nyumbani. Nta haitaki wino. Kuna unga yake."

Aliniletea kesho yake, kwenye kipande cha gazeti, unga usiozidi ncha ya kijiko. Nilifanyia kazi nje, glavu mkononi, upepo ukinipiga mgongoni, kwa sababu ile harufu sikuiamini. Unga uligusa yale maji mazee na yakaanza kugeuka, kwanza waridi, kisha nyekundu ya komamanga. Hayakuwa mazuri kama mafuta ya gia. Niseme ukweli, yalikuwa na ukungu fulani. Lakini nilipokishika kichupa kilikuwa kizito kama mwanzo, na safari hii uzito ulinifurahisha.

Siku ya kufunga mara ya pili nilisema wazi kwamba bila kijiti sifungi. Mzee aliangalia viatu vyake.

"Nilikichoma," akasema.

"Ulichoma cha kuchochea moto," Mama akasema kutoka mlangoni. "Kijiti changu ninacho."

Akakitoa nyuma ya pipa la maji, kimenyooka, alama zake za kisu bado ziko. Tukaanza. Mzee alikuwa anamwaga petroli kutoka kwenye jerikeni, mimi nimekaa usukani nikisoma kioo, na Mama nyuma akiwa na aproni juu ya nguo, anatumbukiza. Kila mmoja alisema kwa sauti, bila kusikiliza mwenzake kwanza. Hilo lilikuwa agizo lake.

"Robo," nikasema.

"Robo," akasema.

Mzee akamwaga tena.

"Nusu kasoro kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama punje ya maharagwe, Mama."

"Kijiti kinasema nusu," Mama akasema.

Nilishuka nikaenda kumwambia kwamba hiyo punje siwezi kuiondoa. Nilikuwa nimepoteza matone machache nikijaribu wino na biti, na geji itasema pungufu kidogo daima. Niliongeza kwamba kama anataka nitaandika barua ng'ambo kutafuta maji mengine, na itachukua muda, na sina uhakika. Niliongea kwa kirefu. Mzee alinikonyeza ninyamaze, sikunyamaza.

Mama alifuta kijiti kwa nyasi. "Inasema pungufu ama inasema zaidi?"

"Pungufu."

"Ya kusema pungufu naweza kuishi nayo," akasema. "Nimeishi na ya kusema zaidi miaka hamsini."

Mzee alianza kucheka kabla hajajua kama ameruhusiwa.

Akavua aproni. Hakusema anapanda. Alisema nyama imeisha nyumbani na ya Dagoretti ndiyo nzuri, kisha akafungua mlango wa mbele akakaa. Mimi niliambiwa nikae nyuma, nikakaa. Sijawahi kuona mtu akisafiri hivyo. Hakuangalia nje hata mara moja. Tulipita Kangemi, tukapita soko na watu wanaotupungia mikono, yeye macho kwenye kioo, anatangaza kama mtu wa redio.

"Nusu kasoro. Bado nusu kasoro. Hapa kwa mlima imepanda kidogo, inadanganya. Sasa imetulia."

"Mama, nitashindwa kuendesha," Mzee akasema.

"Endesha. Mimi nasoma."

Tulinunua mbavu na kipande cha mguu, vikafungwa vizuri, vikawekwa miguuni pangu. Kurudi ikawa vilevile, isipokuwa karibu na nyumbani sauti yake ilikuwa imepoa na matangazo yamekuwa machache. Kwenye geti Mzee alizima injini. Kioo kilikuwa kimeshuka upana wa kidole.

Mama akainama, akavuta kijiti kutoka chini ya kiti chake. Mimi na Mzee hatukujua kwamba kilikuwa safarini. Alizunguka nyuma, akafungua kifuniko, akatumbukiza, akakiinua akakisoma kwa umbali wa mkono kama anavyosoma Biblia. Mzee alikuwa bado kwenye usukani, hajageuka. Niliona vidole vyake vimeushika kwa nguvu.

Mama alirudi, akakirudisha kijiti chini ya kiti, akachukua mfuko wa nyama.

"Jumapili tutoke saa mbili," akamwambia. "Sitaki kufika sadaka imetolewa."